Usinunue Chombo Kinachoelea

Chombo kikiwa majini hupendeza. Simama kwenye ngazi za Bandari ya Kale asubuhi, maji yamejaa, uitazame mashua iliyopakwa rangi juzi, tanga limefungwa vizuri kwenye foromali, na mwenye kuiuza amekunyoshea mkono akutie ndani. Moyo wako utakuwa umekwisha kununua kabla mdomo haujauliza bei. Nakuomba uuzuie. Unachokiona hapo ni sehemu ndogo ya chombo, tena ndiyo iliyo rahisi kutengenezwa. Kitakachokufikisha Shimoni na kukurudisha kiko chini ya maji, na rangi ya juu haisemi neno juu yake.

Basi mwambie muuzaji, kwa heshima, kwamba utarudi maji yakikupwa, na umwombe akipweleze chombo mahali pa mchanga. Akikubali, mmeanza vizuri. Akikwambia kesho kuna safari, keshokutwa vijana hawapo, na mtondo bamvua limekwisha, mshukuru na uende ukatafute kingine. Mwenye chombo kizima hana sababu ya kuuficha mkuku wake.

Sisi wa Mombasa tumejaliwa chelezo cha bure. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na kupwa kwa mchana huangukia karibu na saa nne au saa tano asubuhi, wakati mwanga ni mzuri wa kuona kila mshono. Chombo kinachopwelezwa alfajiri, maji yakianza kutoka, na kutiwa gadi pande zote mbili, kitakaa kikavu saa kadhaa kabla maji hayajarudi. Ndani ya mkono wa Tudor na upande wa Mtongwe kuna fukwe tulivu za kazi hiyo. Usikubali kipwelezwe penye mawe au matumbawe, wala kwenye tope jingi, maana tope huficha mkuku, na mkuku ndio uliokuja kuutazama.

Nenda na fundi wa vyombo, awe wako, asiwe wa muuzaji. Mlipe siku yake hata kama hutanunua. Chukua taa, nyundo ndogo, bisibisi uliyoinoa ncha, uzi wa nailoni wa kutosha urefu wa chombo, ndoo, kitambaa na daftari. Vaa nguo usizozionea uchungu, kwa sababu utalala chali chini ya chombo na kutambaa kwa magoti ndani ya ngama.

Anza na mifupa. Mbao za ubavuni ni ngozi, nazo hubadilishwa mojamoja na chombo kikabaki kilekile. Mkuku, hanamu ya mbele, fashini ya nyuma na mataruma ndiyo mifupa, na hiyo ikioza hutakuwa unatengeneza chombo, utakuwa unaunda kipya ndani ya ganda la zamani, kwa gharama kubwa kuliko kuanza na mti mbichi. Ukiwa na siku moja tu ya kukagua, itumie karibu yote hapa, na mambo ya tanga na kamba yapitie jioni.

Funga uzi kwenye hanamu, uvute hadi fashini sambamba na mkuku, uukaze. Kisha inama utazame nafasi kati ya uzi na mti kutoka omo hadi tezi. Nafasi iwe ileile, au ifuate mkunjo ambao fundi aliukusudia tangu mwanzo. Ukiona ncha mbili zimelegea chini na katikati kumenyanyuka, chombo kimepinda mgongo. Hii hutokea kwa vyombo vilivyobeba mizigo mizito miaka mingi, na kwa vile vilivyozoea kupwelewa juu ya kifusi kimoja katikati. Mgongo uliopinda hufungua mishono kila safari, na kalafati haitadumu. Tazama pia kutoka nyuma, umbali wa hatua ishirini: je, hanamu na mlingoti viko katika mstari mmoja, au chombo kimejinyonga? Jicho la mtu aliyesimama mbali huona kisichoonekana kwa aliyekaribia.

Baada ya hapo gonga. Sitachoka kulisema hili, kwa kuwa ndilo lililonifundisha. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza binamu yangu kutazama mashua iliyokuwa ikiuzwa upande wa Tudor. Tulikwenda na mzee mmoja fundi wa Mji wa Kale, mtu wa maneno machache. Mashua ilikuwa nzuri mno. Mzee hakuitazama rangi hata kidogo. Aliingia ndani, akapiga magoti, akaanza kugonga mataruma kwa kitako cha nyundo, moja baada ya jingine, huku amelaza sikio. Ko, ko, ko. Taruma la nne kutoka nyuma likajibu sauti nyingine, nzito na fupi, kama kugonga embe lililoiva. Akarudia. Kisha akachukua bisibisi, akaisukuma kwa kiganja tu, bila nyundo, ikazama mpaka karibu na mpini. Alipoichomoa ilitoka na unga wa kahawia uliolowa, kama chicha ya nazi. Akaupangusa kwa kidole, akamwonyesha binamu yangu, akasema: "Mwanangu, hiki chombo chashikwa na rangi." Tuligonga yaliyobaki. Mataruma saba ya nyuma yalikuwa hivyohivyo. Muuzaji alikuwa amekwisha kwenda kukaa kivulini.

Kwa hiyo gonga kila taruma mahali patatu: juu karibu na sitaha, katikati, na chini linapokutana na mkuku. Mti mzima hujibu kwa mlio mkali na nyundo hurudi mkononi. Mti uliooza humeza pigo. Penye shaka choma kwa ncha, lakini omba ruhusa kwanza; chombo bado si chako. Tofautisha pia ulaini wa juujuu na uozo wa ndani. Mbao zilizokaa majini huwa na ngozi laini ya milimita moja au mbili, na hilo si tatizo. Tatizo ni ncha inapoingia bila kupingwa.

Watu wengi huogopa maji ya chumvi, na mvua hawaifikirii. Chumvi huzuia ukungu unaoozesha mti. Maji matamu ndiyo yanayoulisha. Ndiyo maana chombo huoza zaidi kuanzia juu: pembe za sitaha, vichwa vya mataruma, mahali mlingoti unapopita, chini ya jiko la mabaharia, ndani ya tezi ambako hakuna upepo. Chombo kilichoachwa bila kifuniko masika mbili tatu, hakifanyi kazi, hakimwagiwi maji ya bahari, huoza haraka kuliko kinachokwenda kuvua kila siku. Akikwambia muuzaji kwamba "kimepumzika tu mwaka mzima", usilisikie kama sifa. Kagua juu mara mbili.

Chini ya mstari wa maji kuna adui mwingine, mdudu atoboaye mbao. Kwa umbo ni kama mnyoo, ingawa kwa asili ni jamaa wa chaza na kome. Huingia akiwa mdogo mno, kwa tundu lisilozidi kichwa cha pini, kisha hunenepa humo ndani akichimba kufuata urefu wa ubao, na handaki lake hulipaka chokaa nyembamba nyeupe. Kwa nje ubao waweza kuwa safi kabisa, na ndani umekuwa kama sega la nyuki. Ukitaka kujua nguvu yake, ushahidi tunao hapahapa. Meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wapiga mbizi wa mambo ya kale walioanza kuifukua 1977 waliikuta sehemu yake ya chini, ile iliyofunikwa na tope, ingali na mbao zake baada ya miaka 280. Sehemu iliyobaki wazi kwenye maji ilikuwa imeliwa ikaisha. Ndani ya tope hakuna hewa, na mdudu hawezi kuishi.

Hilo ni somo la kazi kwako. Chombo kilichokaa miezi kimezama kidogo kwenye tope la mkono wa bahari chaweza kuwa na kitako kizima cha mkuku na huku mbao za juu yake kidogo, kati ya tope na mstari wa maji, zimetobolewa. Ikague hiyo sehemu ubao kwa ubao. Halafu lala chali utazame chini ya mkuku wenyewe, hasa mbele na nyuma, ambako mchanga huikwangua rangi kila chombo kinapopwelewa na kuuacha mti uchi. Usukani nao umulike. Mara nyingi husahauliwa wakati wa kupaka. Tafuta vitundu vidogo kama vya sindano, na ukivipata, kwangua polepole mpaka uone kama kuna mrija mweupe. Kimoja au viwili pembezoni hutibika. Vikiwa vingi kwenye mkuku, ondoka.

Muulize mwenye chombo hukitunzaje. Wazee walikuwa wakipweleza, wakichoma makuti chini ya chombo ili moto umuue mdudu mchanga, kisha wakipaka deheni ya chokaa na shahamu. Leo wengi hutumia rangi ya dukani yenye dawa. Njia zote mbili ni nzuri zikifanywa kwa wakati wake. Mtu anayekijali chombo atakujibu bila kufikiri: tulipaka bamvua lile, kabla ya kusi, na pamba ya mshono ule tuliibadilisha. Anayeanza kuhesabu vidole hakumbuki, na chombo chake nacho hakikukumbukwa.

Misumari ni shahidi mwingine. Vyombo vyetu hufungwa kwa misumari ya chuma, na fundi mzuri hukizungushia kila kichwa pamba iliyochovywa mafuta kabla hajakipigilia. Chumvi ikishafika kwenye chuma, kutu huanza, na kutu haili msumari tu, huudhoofisha na mti unaouzunguka. Tafuta michirizi ya rangi ya chai inayoteremka kutoka kwenye mashimo ya misumari. Mchirizi mmojammoja ni uzee wa kawaida. Safu nzima ya michirizi kwenye ubao mmoja maana yake ubao haushikwi tena, umeegemea wenziwe. Weka kiganja juu yake mwenzako akigonga upande wa ndani. Ukiusikia ukicheza, andika kwenye daftari. Misumari mipya iliyopigiliwa pembeni ya ile ya zamani, karibukaribu, ni dalili ya mtu aliyetaka kuahirisha kazi, na kila tundu jipya limeupunguzia ubao nguvu.

Kuhusu mishono, usiwe mkali kupita kiasi. Kalafati ni kazi ya kurudiwarudiwa, na chombo kilichokaa juu ya mchanga wiki nyingi mbao zake hunyauka, mishono ikaachana hata kikaonekana hakifai. Kikirudishwa majini kitaingiza maji mengi siku ya kwanza, kisha mbao zitavimba na kubanana. Kihukumu siku ya tatu. Kinachotia shaka ni mshono mmoja unaotema pamba wakati jirani zake wametulia, kwa sababu hapo kitu kinacheza: taruma limevunjika nyuma yake, au msumari umekatika. Pia kuna saruji. Baadhi ya watu humimina saruji ndani ya ngama ili kuziba kuvuja, ikakauka ikawa kama sakafu. Mimi sinunui chombo chenye saruji juu ya mkuku. Huwezi kuona kilichofichwa, huwezi kukigonga, na maji hukaa chini yake mwaka mzima.

Kama kuna mashine, nenda nyuma na taa. Siku hizi majahazi mengi yana dizeli, na mengi hayakuundwa kwa ajili yake. Fashini ilitobolewa baadaye kupitisha shafti. Tundu hilo ndilo mahali dhaifu. Mashine iwashwe, kisha uweke mkono kwenye mataruma yaliyo karibu. Mtetemo ni wa kawaida. Ukiona maji yakichirizika kuzunguka fashini kwa kufuata mdundo wa mashine, mti umelegea.

Huenda unachokitaka si cha mbao. Zipo yoti za faiba zilizotoka viwandani Ulaya, Beneteau na Jeanneau za Ufaransa au Bavaria ya Ujerumani, ambazo wenyewe walizunguka bahari wakafika huku, wakachoka, wakaamua kuuza. Utazikuta zimetia nanga Liwatoni mbele ya Mombasa Yacht Club, Mtwapa, na zaidi Kilifi. Faiba haiozi wala hailiwi na mdudu, na kwa sababu hiyo watu huidhania haina ugonjwa. Inao. Sehemu ya kwanza ya kutazama ni mkuku, ambao huku ni pande zito la chuma au risasi lililofungwa kwa bolti. Yoti ikigonga mwamba, mkuku husukumwa nyuma, na ncha yake ya nyuma hukandamizwa juu ndani ya mwili wa chombo. Fungua sakafu umulike hapo: nyufa zinazotawanyika kama utando wa buibui, au mbavu za ndani zilizoachana na ganda, ni dalili ya pigo kubwa. Nje, tazama mahali mkuku unapokutana na mwili upande wa mbele. Ufa unaofumbuka hapo, unaovuja maji ya kutu, wataka mtaalamu kabla ya neno lolote la bei. Bahari yetu ina miamba ya kutosha kuufanya uchunguzi huu kuwa wa lazima.

Yoti ikipandishwa nchi kavu waweza kuona malengelenge chini ya rangi. Ukilitoboa lengelenge hutoka majimaji yenye harufu kali kama siki. Malengelenge machache hayazamishi chombo. Yatumie kupunguza bei. Linalonitisha zaidi ni sitaha. Vua viatu utembee taratibu kila mahali. Sitaha za aina hii mara nyingi zina mbao nyepesi au povu katikati ya tabaka mbili za faiba, na maji yakipenyeza kwenye tundu la skrubu, kiini huoza kimyakimya. Miguu yako itaisikia inavyonesa. Gonga kwa mpini wa plastiki, sikiliza kama ulivyosikiliza mataruma. Nyaya za kushikilia mlingoti zikiwa zimepita miaka 10, hesabu bei ya nyaya mpya bila kubishana, na mabamba yanayozishikilia yafunuliwe yaonekane, kwani ufa wa chuma cha pua huanza pale kinapopenya kwenye sitaha, mahali jicho halifiki.

Turudi kwenye mashua yetu. Mlingoti na foromali zitazame kama zimepasuka kwa kukingama. Ufa unaofuata urefu wa mti ni wa kukauka tu. Tanga, jarari na nanga hupatikana sokoni.

Ukisharidhika nchi kavu, kijaribu baharini. Kabla ya kuondoka, fueni maji yote mpaka ngama ikauke, upanguse kwa kitambaa. Pitieni mlangoni, mtoke nje kidogo ambako kuna wimbi, muende joshi na demani kwa muda wa saa nzima, kisha ufungue ngama upime kwa ndoo. Nusu ndoo kwa chombo cha mbao cha miaka mingi si neno. Ndoo tano ni neno. Chovya kidole uyaonje yale maji kwa ncha ya ulimi, kisha uteme: yakiwa ya chumvi yamepita chini, na yakiwa yamepungua chumvi baada ya usiku wa mvua, yamepita juu, nawe umekwisha kujua sitaha inahitaji kazi.

Karatasi usizifanye za mwisho, ingawa mimi nazitaja mwisho. Kenya vyombo vidogo hukaguliwa na kupewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, KMA, yenye makao yake hapa Mombasa. Linganisha jina na namba zilizoandikwa ubavuni na zile za cheti, umtazame na mwenye cheti kama ndiye anayepokea pesa zako. Kwa yoti ya kigeni, uliza Mamlaka ya Mapato, KRA, kama ushuru wa forodha umelipwa. Cheti cha ukaguzi ni kitu kizuri, lakini kinaeleza hali ya siku ile kilipoandikwa. Kugonga kwako ni kwa leo.

Kisha kaa na fundi wako, mbali na muuzaji, mlipitie daftari. Kila ubao wa kubadilisha uandikiwe bei ya mbao, misumari, pamba na siku za kazi. Jumlisha na bei anayoitaka mwenye chombo. Hiyo ndiyo bei yako ya kweli, na ndiyo ya kwenda nayo mkirudi kuzungumza. Mkikubaliana, andikianeni mbele ya mashahidi, na ukishalipa usikimbilie kuvua wala kupakia wageni. Tazama kalenda ya mwezi, ungoje bamvua linalofuata, ukipweleze tena, ukipake chini wewe mwenyewe na vijana wako, brashi mkononi, ili kila ubao wa chombo chako uwe umeugusa.